Jani Moja, Lebo Mbili

Jumamosi iliyopita mlinialika kwenye shughuli yenu pale Same, ile ya kunakili lebo. Ninyi mna jina lake la Kiingereza. Mimi niliiita msaragambo tangu nilipoingia mlangoni, kwa sababu ndivyo sisi Wapare tunavyoita kazi ya pamoja, ile inayopigiwa pembe watu wakatoka na majembe kwenda kuzibua mfereji. Mlikuwa vijana kumi na kitu, kila mmoja na kompyuta yake, mnasoma lebo kwenye picha za mimea mikavu tuliyoikusanya sisi wazee na kuziandika upya ili ziingie mtandaoni. Nilizunguka nyuma ya viti vyenu nikiona mwandiko wa watu waliokwisha kufa ukisomwa na watoto waliozaliwa baada yao. Nilifurahi mno, hata nikasahau kumeza dawa ya presha.

Ndipo Neema, yule binti wa chuo mwenye miwani mikubwa, akaniita.

"Shikamoo bibi. Samahani, hii karatasi ina lebo mbili. Ya juu inasema mmea ulitoka kando ya mfereji, Ugweno. Ya chini inasema ya juu ni uongo. Na fomu ina nafasi ya mahali pamoja tu. Niandike ipi?"

"Marahaba. Andika ya chini, mjukuu wangu. Ya juu achana nayo."

"Kwani nani alidanganya, bibi?"

"Watu wa zamani," nikasema, nikajifanya natafuta miwani yangu, ambayo ilikuwa usoni.

Wote mkacheka, mimi nikacheka nanyi, chai ikaletwa, nikapona. Lakini nilipofika nyumbani sikuwa na raha. Mlikuwa mmeniomba niwaandikie machache kuhusu fursa katika kazi hii, nami nikaahidi kuandika juu ya unyevu na mende. Nitayagusa hayo, msiwe na wasiwasi. Ila nitaandika zaidi juu ya ile karatasi.

Kwanza kwa asiyeijua kazi yetu. Wasomi wanaiita taksonomia, yaani kujua kiumbe hiki ni nani, ndugu zake ni akina nani, na kwao ni wapi. Mimi sikuwa msomi. Nilikuwa mhudumu wa hebaria, ile stoo ya mimea mikavu kwenye kituo kidogo cha utafiti hapo Same. Unakata tawi lenye majani na maua, unalilaza kati ya magazeti, unalibana kwa mbao na kamba, unalikausha, unaligundisha kwenye karatasi ngumu, unaweka lebo. Basi. Likitunzwa vizuri jani hilo litamzika aliyelikata, na watoto wake, na wajukuu wake.

Mama yangu kule Mbaga hakuwahi kuelewa. Shangazi zangu walipomuuliza Namsifu anafanya kazi gani mjini, alikuwa anajibu, "Anapiga pasi majani." Nilikasirika miaka mingi. Siku hizi naona hakuna aliyewahi kuieleza vizuri zaidi.

Aliyenifundisha ni Mzee Zefania, mkuu wa stoo. Mjini walimwita Bwana Majani, naye hakujali. Alikuwa mrefu, mwembamba, penseli nyuma ya sikio, viatu vimeng'aa hata wakati ambao kiwi haikupatikana dukani; nasikia alivisugua kwa ganda la ndizi. Sijawahi kuona mtu mwenye adabu kwa mimea kama yeye. Alifikicha jani, akalinusa, akafumba macho, akakuambia ukoo wake, na mara nyingi alipatia. Msituni alitembea polepole mpaka unataka kulia. Nikimhimiza alinijibu, "Ukikimbia utaona njia tu, Namsifu. Njia tunaijua."

Nilianza kazi miaka ile ya shida, ambapo hata sabuni ilikuwa habari. Gundi haikuwepo. Nikajiona mjanja, nikapika uji mzito wa muhogo, nikagundisha sampuli za mwezi mzima. Zilishika vizuri sana. Baada ya wiki chache mende wa Same nzima walikuwa wamepata taarifa, wakala gundi, wakala karatasi, na waliposhiba wakaacha vijiti. Kwa hiyo vijana, jambo la kwanza ni hili: usiweke chakula kwenye stoo, hata kama chakula chenyewe unakiita gundi. Tulirudi kwenye sindano na uzi. Tulishona mimea kama watu wanaoshona mashuka.

Karatasi nayo ilikuwa shida. Majalada tulikata kwenye mifuko ya saruji, ile kaki, tukiikung'uta vumbi mpaka tunakohoa. Lebo zilikuwa za mifuko hiyohiyo. Magazeti ya kukaushia tuliyatunza kama fedha za kanisa. Kulikuwa na mwalimu jirani aliyekuja kila Ijumaa kusoma magazeti yetu ya miaka miwili nyuma. Aliyafunua kwa heshima, akahamisha tawi pembeni, akasoma matokeo ya mpira ambayo nchi nzima ilishayasahau, akarudisha tawi mahali pake. Mzee Zefania alimruhusu, kwa sharti kwamba akiona ukungu aseme. Aliuona mara mbili kabla yetu.

Sasa mbuzi wa Kwakoa. Tulishuka huko kukusanya nyasi, upande wa kuelekea Ziwa Jipe, jua linachoma mpaka presi, zile mbao za kubania mimea, inakauka yenyewe. Nikafungua bahasha moja ya mimea ipate hewa, nikaenda kuomba maji kwenye boma la jirani. Niliporudi mbuzi alikuwa amemaliza sampuli moja, yenye nambari yake daftarini, na anaangalia ya pili. Nikalia. Halafu nikapata wazo: nambari ile nitaipa nyasi nyingine, nani atajua? Mzee Zefania akaniangalia.

"Nambari ikishatolewa haitolewi tena. Fungua daftari."

"Niandike nini sasa?"

"Kilichotokea."

Nikaandika kwa penseli: Imeliwa na mbuzi, Kwakoa. Ipo mpaka leo. Watu wa ng'ambo waliokuja kukagua daftari zetu walicheka hapo, kisha wakasema kwa sababu ya mstari ule wanaamini mistari mingine yote. Na penseli, vijana, msiidharau. Wino wa kalamu ukinyeshewa unaondoka na ukweli wote, penseli inabaki. Andika rangi ya ua palepale, kwa sababu likikauka litageuka kahawia kama mengine. Andika jina la mmea kwa lugha ya pale, na nani kakutajia. Usiandike kesho ulichokiona leo.

Yote hayo nilikuwa nimefundishwa kabla ya Ugweno. Ndiyo maana siwezi kusema sikujua.

Tulipanda Ugweno msimu wa mvua ndogo. Mzee Zefania akateguka mguu siku ya kwanza, akabaki kwa wenyeji wetu akikausha sampuli juu ya jiko la mkaa. Mimi nikapewa mwenyeji wa kunitembeza, Mzee Yakubu, mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma, ambaye ukoo wake ulikuwa na mpungi. Mpungi ni msitu mdogo wa ukoo, wazee wa zamani wamelala humo, na hakukatwi hata fito. Mimi mtu wa kusini, Kigweno nilikisikia nusunusu, lakini pale ukingoni alisema Kiswahili safi ili nisije nikasingizia lugha.

"Macho yaingie. Mkasi ubaki nje."

Nikaweka mkasi wa kupogolea chini kwenye jiwe, tukaingia. Jamani, ule msitu! Nje mashamba ya kahawa na migomba, jua, kelele za watoto. Ndani baridi, kimya, miti ambayo watu watatu hawaikumbatii. Kwenye shina moja lililooza palikuwa na kichaka cha urefu wa goti, maua meupe yenye zambarau kidogo ndani, yameinamia chini. Sikuwahi kukiona. Na miaka ile nilishapitisha mikononi mwangu karibu kila kitu kinachoota Upare.

"Mzee, kijitawi kimoja tu."

"Kikianguka chenyewe nitakuokotea."

Hakikuanguka siku ile. Kesho yake asubuhi, Mzee Yakubu akiwa shambani, nilirudi peke yangu na mkasi. Nilikata matawi mawili. Na nilipofika kando ya mfereji wa maji wa kijiji nikakaa, nikatoa penseli, nikaandika lebo kwenye kaki ya saruji: Ugweno, kando ya mfereji. Nilijua nikiandika mpungi Mzee Zefania atauliza nani kanipa ruhusa.

Aliponiona na ule mmea alisimama kwa mguu mmoja. Alifikicha jani, akanusa, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu.

"Huyu simjui," akasema. "Namsifu, sasa umekuwa mkusanyaji."

Nilikuwa nimesubiri sentensi hiyo kwa miaka. Nikaipokea, nikanyamaza.

Kanuni yetu ni kukata vipande viwili au zaidi vya mmea uleule. Kimoja kinabaki kwako, kingine unakipeleka kwa wenzako wa mbali, nao wanakupelekea cha kwao, au jina usilolijua. Huo ndio ulikuwa mtandao wetu: watu wasioonana maisha yao yote, wanaoaminiana kwa sababu ya lebo. Tawi la pili likapanda meli kwenda ng'ambo. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi hata kidogo, ilichukua miaka.

Ilipokuja barua, nchi ilikuwa inabadilika. Maduka yalikuwa yamefunguka, mitumba imejaa sokoni Same, mabasi ya watu binafsi yanapiga honi barabara kuu kama harusi. Barua ilisema mtaalamu wa huko ameuchunguza mmea wangu, haufanani na wowote anaoujua, na huenda haujawahi kupewa jina la kisayansi. Atakuja kuuona ukiwa hai. Na kwa kuwa aliyeupata ana jicho zuri, wamempa nafasi ya masomo ya miezi sita huko kwao, kujifunza utunzaji wa hebaria.

Ninyi leo mnaniambia "Bibi, kuna fursa", mnanionyesha kwenye simu: mafunzo haya, mkutano ule, kundi la kutambua mimea kwa picha. Nawaonea wivu mzuri. Sisi fursa ilikuwa ni bahasha moja, na ungeweza kustaafu bila kuiona. Kituo chetu hakikuwahi kupeleka mhudumu yeyote nje. Mama alitangaza kanisani Mbaga, nikaombewa mbele ya usharika mzima. Nilinunua koti zito la mtumba na kulivaa chumbani, Same, katika joto lile, nijione.

Tatizo lilikuwa mgeni. Kabla hajaja, Mzee Zefania akaenda Ugweno kuutafuta mmea ili asije akamtembeza mtu bure. Mimi nilisema naumwa. Akaenda kando ya mfereji. Siku tatu, na miguu ile, alitembea mfereji mzima kutoka kwenye ndiva yake, lile bwawa la juu, mpaka shamba la mwisho. Akarudi amevimba vifundo vya miguu.

"Haupo," akasema. "Nadhani wamelima juu yake. Tumechelewa, Namsifu. Umeisha."

Sijawahi kumwona na uso ule. Aliombolezea kichaka. Akakaa kuandika ripoti kwamba mmea huo hauonekani tena. Kisha akasema jambo lingine, kama mtu anayejisemea. Huko Ugweno amesikia wapasua mbao wamekuja na misumeno ya moto, biashara imefunguka, wanautaka ule mpungi, na serikali ya kijiji itaitisha mkutano wiki ijayo. Baadhi ya wananchi wanaafiki, wanataka mbao za kumalizia paa la shule.

"Wazee wameniuliza kama sisi wa kituo tuna lolote la kuwasaidia kuutetea. Nimewaambia hatuna. Hatukuwahi kukusanya hata jani mle ndani."

Akaendelea kuandika. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha chai yake. Ningeweza kunyamaza wiki moja tu. Msitu ungekwenda, mmea ungekwenda nao, hakuna mtu duniani angeweza kunikamata, nami ningepanda ndege na koti langu.

"Mzee. Ule mmea haukuwa kwenye mfereji."

"Ndiyo hivyo, haupo tena."

"Haukuwahi kuwepo pale. Uko ndani ya mpungi. Nilikata mwenyewe, Mzee Yakubu alinikataza."

Aliweka penseli chini. Hakupiga meza, hakupandisha sauti. Ningepona kama angefanya hivyo. Akanyanyuka, akaleta daftari la zamani, akafunua mpaka kwenye ukurasa wa Kwakoa, akaweka kidole.

"Mbuzi uliniandikia. Hili hukuniandikia kwa nini?"

Nikauliza lililokuwa linaniuma. "Nafasi ya masomo itaondoka?"

"Itaondoka."

Nilitaka aseme labda. Hakusema. Akaleta ile karatasi yenye jani. Nikanyoosha mkono kuibandua lebo ya uongo, akanishika kiganja.

"Lebo haitoki. Hapa hakuna anayetoa lebo ya mtu, hata kama ni yake. Ukikosea unaongeza nyingine chini, unaweka tarehe na jina." Akanipeleka kwenye kabati zake mwenyewe, akanionyesha karatasi moja baada ya nyingine, lebo za ujana wake na chini yake masahihisho yake: mmea niliuita hivi, nilikosea. Zilikuwa nyingi. Miaka yote ile sikuwahi kuziangalia kwa jicho hilo. "Tofauti ni kwamba mimi nilikosea," akasema. "Wewe ulidanganya. Lakini karatasi ni ileile. Ila hutaandika leo. Kwanza mwenye msitu asikie kwa mdomo wako, asije akasoma."

Kesho yake tukapanda basi mpaka Mwanga, na gari la mizigo kwenda juu. Mzee Yakubu alitupokea vizuri, akaita wazee wenzake wawili. Nilisema yote nikiwa nimeangalia vidole vyangu.

"Nilikuambia nini?" akauliza.

"Mkasi ubaki nje."

"Ulielewa?"

"Nilielewa."

"Basi si ujinga. Ujinga ningeusamehe hapahapa."

Walijadiliana kwa Kigweno muda mrefu. Hukumu ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza: "Uliusingizia mfereji. Nenda ukauombe radhi kwa jembe." Siku tatu za msaragambo, kuzibua tope. Nilizifanya, suruali imekunjwa magotini, wanawake wa Ugweno wakinicheka na kunifundisha kushika jembe kwenye maji, maana kwetu Mbaga nilikuwa nimesahau. Siku ya tatu mmoja aliniletea ndizi na maharage, akaniambia, "Kula, mwizi wetu." Nilikula nikilia.

Ya pili ilikuwa ngumu: kilichotoka mpungi kinarudi mpungi. Walitaka jani lao. Na bila jani lile hapakuwa na ushahidi wowote wa mmea, si kwa mkutano wa kijiji wala kwa mtaalamu. Mzee Zefania hakubishana. Alimwomba Mzee Yakubu aje Same aone mahali jani lilipo, kisha aamue mwenyewe. Akilitaka, atakabidhiwa mkononi.

Akaja siku ya gulio. Alivua viatu mlangoni mwa stoo ingawa hakuna aliyemwambia. Mzee Zefania akafungua kabati, akatoa jalada la kaki, akaliweka mezani kwa mikono miwili. Mimi nikaandika lebo ya pili mbele yao: Lebo ya juu ni uongo. Jani hili lilikatwa ndani ya mpungi, Ugweno, bila ruhusa ya wenyewe. Nikaweka herufi mbili za jina langu, nikaishona.

Mzee Yakubu aliazima miwani ya Mzee Zefania, akasoma ya chini, akasoma ya juu. Akaligusa jani kwa kidole kimoja.

"Hii ya uongo mtaitoa lini?"

"Haitoki," akasema Mzee Zefania.

"Huyu binti akiomba?"

"Haitoki."

"Akifa?"

"Hata akifa. Hata mimi nikifa. Ndiyo kazi yenyewe."

Mzee Yakubu akarudisha miwani. "Kama mngeitoa, ningeondoka na jani langu leo. Mahali panapofuta uongo wake, kesho patafuta na ukweli. Likae hapa. Lakini siku lebo hiyo ikiondolewa, jani linarudi nyumbani."

Wakapeana mikono. Nimewaona watu wengi wenye vyeo wakipeana mikono mbele ya kamera, lakini sijaona tena heshima ya namna ile, kati ya wazee wawili na jani kavu.

Mkutano wa kijiji ulikuwa mkali. Wenye watoto shuleni walinuna, na walikuwa na haki. Mzee Zefania alionyesha picha aliyoichora kwa mkono, akaeleza kwamba duniani kote mmea huu unajulikana mahali pamoja tu, hapa. Mzee Yakubu akasema ukoo wake utatoa safu yao ya mikalitusi ikapasuliwe kwa ajili ya paa. Wapasua mbao wakafunga misumeno wakaenda kwingine.

Ofisi nayo haikunionea, nilistahili. Niliandika barua ng'ambo nikaeleza ukweli wote, na jibu likaja fupi: wanashukuru, wamesahihisha karatasi yao, na nafasi ya masomo wanaiachia ofisi ichague mtu mwingine. Akaenda mwenzangu wa upande wa wadudu, kijana mzuri, aliyerudi akanifundisha kila alichojifunza bila kuficha. Niliumia. Nasema wazi, niliumia sana, na lile koti nililiuza siku ambayo ndege yake iliondoka. Sikuwahi kupata bahasha nyingine.

Lakini sikilizeni nilichopata. Mgeni alipokuja, Mzee Yakubu alimwingiza mpungi, macho ndani, mkasi jiweni. Na tangu hapo, msimu hadi msimu, mzee yule akawa anaokota kilichoanguka chenyewe, maua, matunda, vijitawi, anavifunga kwenye jani la mgomba na kumpa dereva wa basi alete Same. Nilimfundisha lebo mara moja tu. Penseli, mahali, tarehe, rangi ya ua. Yeye akaongeza kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha mafunzo. Chini ya kila lebo aliandika: Limeanguka lenyewe. Mzee ambaye hakumaliza shule ya msingi ndiye mkusanyaji bora kuliko wote niliowajua, nami nimekaa na madaktari wa falsafa. Mkifika kwenye majalada yake Jumamosi moja, nakilini maneno hayo pia. Msiyaone ni mapambo.

Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Stoo ipo, mende wapo, ninyi mpo.

Neema, mjukuu wangu, sasa nakurudia wewe. Jumamosi nilikuambia uiache lebo ya juu. Uliponiuliza nani alidanganya nikasema watu wa zamani. Wazee wawili walipeana mikono juu ya jambo moja tu, nami nimengoja wafe ndipo nikajaribu kulifuta kwa mkono wako.

Kaifungue tena ile picha. Kama fomu ina nafasi moja, mwambieni aliyeitengeneza aongeze ya pili. Andika ya juu kama ilivyo, kisha ya chini kama ilivyo. Kwenye jina la mkusanyaji utakuta herufi mbili, N.E. Usiziache hivyo. Andika kirefu, Namsifu Eliamani, na kwenye maelezo ongeza kwamba bado yu hai, anaishi Same, aulizwe.